Kapu la Mapato

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimehakikishiwa hivyo na watu wanaotoka huko, na kwa kuwa wote waliniomba nisitaje majina yao, sina sababu ya kutowaamini.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, serikali iliwapenda walimu kupita kiasi. Kila hotuba ilianza na walimu. Mheshimiwa Rais hakuweza kuzindua hata choo cha soko bila kuukumbusha umma kwamba yeye naye alifundishwa na mwalimu. Hapo umma hupiga makofi, walimu waliopo husimama ili waonekane, kisha huambiwa wakae. Walipendwa sana hata ikaonekana si haki kumwacha kijana auingie ualimu kichwakichwa, bila kupimiwa faida na hasara. Ndipo ikatungwa Sheria ya Uwiano.

Sheria yenyewe ilikuwa rahisi. Anayetaka kusomea shahada ya ualimu alipelekwa kwanza kwenye Mizani Kuu, katikati ya mji mkuu. Zamani mizani hiyo ilipimia pamba, enzi ambazo nchi ile ilikuwa na pamba. Ilikuwa na makapu mawili ya chuma yaliyoning'inia kwa minyororo, kila moja pana kiasi cha kubeba ng'ombe. Kushoto lilikuwa Kapu la Gharama. Humo maofisa walipanga viroba vya mchanga kwa niaba ya ada, chakula, malazi, vitabu, na miaka ambayo kijana angekuwa anafanya kitu kingine cha maana. Kulia lilikuwa Kapu la Mapato, na humo zilimwagwa sarafu za mshahara ambao mwalimu angeutarajia. Kisha komeo linafunguliwa, na watu wanatazama.

Waliotaka kusomea mambo ya forodha walipimwa pia, na kapu lao la mapato lilishuka kwa kishindo hata sakafu ikapasuka. Kapu la mwalimu lilikuwa na tabia tofauti. Lilipanda juu na kubaki huko, likibembea taratibu, na sarafu zake ndani zikigongana kidogo.

Serikali haikuwa na moyo wa jiwe. Iliuona upungufu huo na ikautafutia dawa. Kuongeza mshahara kulijadiliwa kwa kirefu, ikaonekana kungeharibu wito. Dawa iliyopatikana ni mdhamini. Ndugu wa damu wa mwombaji angepanda kwenye Kapu la Mapato, akasimama juu ya sarafu na kujazia uzito uliopungua. Mizani ikikaa sawa, kijana anakwenda chuoni, na mdhamini anahifadhiwa katika Nyumba ya Uwiano mpaka siku ambayo mapato ya mwalimu yatasimama yenyewe bila kushikiliwa na mtu. Nyumba hiyo ilikuwa jengo safi la ghorofa, nyuma tu ya mizani. Ilikuwa na mlango mmoja, na madirisha mengi mazuri yaliyochorwa kwa rangi ukutani.

*

Siwema alikuwa binti wa pekee wa Bi Hidaya, mjane aliyeshona sare za shule katika mji mdogo wa reli ambao treni iliacha kusimama. Alipomaliza sekondari alikuwa wa kwanza katika hisabati, na mwalimu wake wa hisabati, Mwalimu Ndekwa, akaja nyumbani kwao amevaa tai. Akakaribishwa kiti, akapewa chai, akaikoroga mpaka ikapoa.

"Ualimu unalipa," alisema Mwalimu Ndekwa, macho yameelekea kwenye cherehani. "Nakwambia kweli, Siwema. Unalipa."

Bi Hidaya hakuwa mtu wa kurukia mambo. Baada ya mgeni kuondoka aliweka kitambaa chini na kuanza kufikiri kwa sauti, kama alivyofanya akitaka kukata suruali bila kupoteza kipande. Gharama, alisema, mtu anailipa mara moja na kuimaliza. Mshahara unakuja kila mwezi, jua liwake, mvua inyeshe, mpaka mtu anazeeka, na akizeeka anapewa pensheni. Yeye ameshona miaka yote na hajawahi kujua mwezi ujao utamletea nini. Kwa hiyo hata kama mwanzoni kapu litakuwa jepesi, kadiri miaka inavyokwenda sarafu zitajaa, na yeye atatoka. Atakuwa amepumzika kidogo, basi. Wala hajawahi kulala katika nyumba ya ghorofa.

Hesabu hiyo haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa hesabu ya mtu mwaminifu, na nchi ile ilijengwa juu ya watu wa namna hiyo.

Tatizo lilikuwa mwili. Bi Hidaya alikuwa mwanamke wa kawaida, na kapu la mwalimu lilihitaji mtu aliyeshiba. Katika mji wao kulikuwa na desturi ya kumnenepesha mdhamini, na mtaa mzima ulishiriki kana kwamba ni harusi. Mmoja alileta samli, mwingine wali wa nazi, mwingine maandazi ya moto asubuhi na jioni. Bi Hidaya alikatazwa kuchota maji, akakatazwa kushona, akakatazwa hata kucheka sana. Akawekwa kitini barazani, na watoto wakitoka shule wanapita kumtazama alivyoendelea. Siwema aliona haya na alifurahi, vyote kwa pamoja. Usiku alimsikia mama yake akihema kwa shibe, akajiambia kwamba akishapata kazi atamlipa mama huyu mpaka aseme basi.

*

Siku ya kupimwa, bendi ya polisi ilipiga. Mpimaji Mkuu, Mheshimiwa Mponda, alikuwa mtu mwembamba sana. Aliwahi kusema mwenyewe kwamba cheo chake hakimruhusu kuwa na uzito, asije akaegemea upande. Alipanda jukwaani na kuhutubia kwa muda mrefu.

Alisema kwamba wako wapotoshaji wanaodai kuwa serikali inapima mwalimu kwa fedha tupu. Huo ni uzushi. Serikali inafahamu kwamba mapato ya mwalimu si fedha peke yake. Ipo heshima. Hapo akaashiria kwa kidole, na askari wakaleta sinia la fedha linalong'aa, wakitembea mwendo wa pole kama wamebeba kitu kizito. Sinia lilikuwa tupu, kwa sababu heshima haionekani. Wakaliweka juu ya sarafu katika Kapu la Mapato, bendi ikapiga wimbo wa taifa, na umati ukakaza macho kwenye mnyororo.

Kapu halikushuka.

"Mmeona wenyewe," alisema Mheshimiwa Mponda kwa kuridhika. "Imeshawekwa."

Kisha Bi Hidaya akaitwa. Alipanda ngazi amevaa kanga mpya, akaingia kapuni, na minyororo ikalia. Kapu lilishuka kidogo kidogo, likasita, likashuka tena, na mshale wa mizani ukatulia katikati barabara. Mtaa mzima uliokuja kwa lori ukapiga vigelegele. Sheria ilitaka mwalimu aliyemwonyesha kijana njia amshike mkono, ampandishe ngazi, na kijana aguse kapu kwa kiganja chake ili iwe amekubali kwa hiari. Mwalimu Ndekwa alimshika Siwema mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, na mashavu yake yalikuwa yamelowa pia, na Siwema alidhani ni furaha.

Alipofika juu, mama yake aliinama akamwambia chini chini, "Cherehani usiiache uani. Mvua ikipiga itashika kutu, na mimi nikirudi nitaihitaji." Kisha akashukia upande wa pili, akapita nyuma ya jukwaa, na mlango ule mmoja ukafunguliwa kwa adabu.

*

Siwema alisoma. Alisoma saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu, na njia za kufundisha darasa kubwa lisilo na madawati. Alifaulu vizuri, akapangiwa shule ya sekondari iliyo nusu siku kwa basi kutoka mji mkuu. Siku anaripoti kazini alipewa chaki, kiti, na waraka mfupi wa kusoma mbele ya mkuu wa shule na kuurudisha hapohapo. Waraka ulieleza Sheria ya Mbegu. Mwalimu yeyote atakayemshawishi mwanafunzi wake kuingia katika shahada ya ualimu, na kumpandisha kwa mkono wake kwenye mizani, atahesabiwa uzito wa mwanafunzi huyo katika kapu lake la mapato. Chini kulikuwa na neno moja la kuonya: wanafunzi wasiambiwe, kwani wito hauna biashara.

Siwema alirudisha waraka ule, akakaa kwenye kiti alichopewa. Ghafla alikiona kiganja kile kilicholowa jasho, akakifukuza akilini. Mwalimu wake hakuwa mtu wa namna hiyo.

Mshahara ulikuja. Katika hilo Bi Hidaya hakukosea, ulikuja kila mwezi. Siwema alikula kidogo, akavaa viatu vilevile, na kila sarafu aliyoibakiza aliipeleka kwenye Mizani Kuu ikatupwe kapuni. Lakini mwaka wake wa kwanza kazini serikali iligundua kwamba sarafu zilikuwa nzito na zinawaumiza walimu mabega. Kwa huruma ikazichonga upya kwa bati jepesi, ikaandika juu yake namba zilezile. Mwaka uliofuata ikazitoboa katikati, ili mwalimu aweze kuzitunga kwenye uzi. Walimu waliitwa uwanjani kutoa shukrani.

Tangu akiwa chuoni, kila Jumapili Siwema alikwenda kwenye kidirisha cha Nyumba ya Uwiano. Kidirisha kilikuwa kidogo, kiasi cha kupitisha mkono na bakuli. Uso wa mama hakuuona, ila sauti na mkono. Mwanzoni mkono ulikuwa na vikunjo vya mtoto mchanga kwenye kifundo, kazi ya samli na maandazi. Baadaye vikunjo vikaisha. Baadaye bangili, ambayo ilikuwa haitoki hata kwa sabuni, ikaanza kuteleza mpaka kwenye kiwiko mama akiinua bakuli. Sauti haikubadilika. Kila wiki iliuliza kama cherehani imefunikwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na meno ya sheria. Mdhamini alipimwa upya kila mwaka, na kilo alizopungua zilihesabiwa kuwa mali ya taifa iliyopotea akiwa mikononi mwa familia yake. Ziliongezwa kwenye Kapu la Gharama, kiroba juu ya kiroba. Siwema alikuwa mwalimu wa hisabati, na kwa mtu wa kazi hiyo si rahisi kujificha. Sarafu zake zilikuwa zinakuwa nyepesi, mama alikuwa anakuwa mwepesi, na mchanga ulikuwa unaongezeka. Alichora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja unashuka na mmoja unapanda, akaitazama inavyoachana. Halikuwa suala la lini mama atatoka. Alichokuwa anakihesabu ni mwaka gani hatakuwepo tena mtu wa kutolewa. Siwema alilia siku hiyo mpaka jirani akagonga ukuta.

*

Jumapili moja alimkuta Mwalimu Ndekwa kwenye foleni ya kidirisha cha jirani, alikokuja kupimiwa pensheni. Alikuwa amezeeka, na mkononi ameshika mfuko wa karatasi ambao upepo ulikuwa unataka kumnyang'anya. Siwema akamwamkia shikamoo. Mzee aliitikia marahaba huku akitazama chini.

Siwema hakuzunguka mbuyu. Alimuuliza siku ile alipokuja nyumbani kwao na tai, nani wake alikuwa humo ndani.

"Mke wangu," alisema Mwalimu Ndekwa. "Alikuwa amebaki ngozi. Nilikuambia ualimu unalipa, Siwema, na ulilipa. Ulimtoa wewe." Akaongeza kwamba mkewe aliishi miezi michache baada ya kutoka, akiwa kitandani kwake, na mlango wazi. Alisema hivyo kana kwamba anamtajia bei ya kitu ambacho hata sasa angekinunua.

Siwema alitaka kumtukana. Maneno alikuwa nayo tele. Lakini zamu yake kidirishani ikaitwa, mkono wenye bangili ukatokeza, na akaenda kuushika.

*

Katika darasa lake la mwisho kulikuwa na msichana aitwaye Kabula. Alilelewa na bibi yake, kikongwe aliyeuza mkaa kwa kopo, na alikuwa na akili ambayo mwalimu huiona mara moja katika maisha yake na kuikumbuka mpaka kufa. Ukimpa Kabula swali, alilikalia kwanza kimya, kichwa ameinamisha upande, halafu anatabasamu kabla ya kushika kalamu. Siwema alimpenda bila kificho. Na tangu arudi kutoka kidirishani siku ile, kila alipomtazama alijikuta anakadiria kilo zake. Alijichukia kwa hilo, na bado macho yakarudi palepale.

Mwisho wa mwaka ulipofika, wakati ambao wanafunzi huamua waende wapi, Kabula alisimama katikati ya kipindi na kuuliza mbele ya wote.

"Mwalimu, ualimu unalipa?"

Siwema alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameyarudia maneno mawili tu, njiani, jikoni, kitandani, na yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Alifungua kinywa, akamwona msichana yule ameinamisha kichwa upande akisubiri jibu kama anavyosubiri jibu la hesabu, na maneno yakagoma kutoka.

Aligeuka ubaoni akachora makapu mawili. Kushoto akaandika ada, chakula, malazi, vitabu, miaka. Kulia akaandika mshahara, mwezi kwa mwezi, sarafu nzito, sarafu za bati, sarafu za matundu. Akajumlisha pande zote mbili mbele yao. Kisha akawaambia kilichobaki: mdhamini, na kilo ambazo mama yake anazijazia, na mkono kidirishani, na bangili iliyofika kwenye kiwiko. Akawaambia na Sheria ya Mbegu, neno kwa neno. Hakuficha kitu. Alipoweka chaki chini alijisikia msafi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Hongera, Mwalimu," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mkaguzi wa Wito, Bwana Kilua, mtu mpole, mwenye harufu ya peremende. Wakaguzi wa namna yake walizunguka shuleni majira yale kusikiliza jinsi swali hilo linavyojibiwa, na haikujulikana alikuwa amesimama pale tangu lini. Siwema aliona unga wake umekwisha kumwagika. Lakini Bwana Kilua hakukunja uso. Aliingia, akasalimia, akausoma ubao kutoka juu mpaka chini, midomo ikichezacheza.

"Hesabu nzuri sana," alisema. "Ina kasoro ndogo tu ya uzalendo. Mwalimu amesahau heshima." Akachukua chaki na kuandika neno hilo upande wa kulia, kwa mwandiko wa kupendeza. "Endeleeni."

Wanafunzi walitazamana. Mvulana mmoja wa mbele aliuliza heshima ina uzito gani. Bwana Kilua alisema serikali haijawahi kuiwekea kiwango, kwa kuwa hiyo ingekuwa dharau.

Kabula alikuwa bado amesimama. Kichwa kilikuwa upande. Siwema aliliona tabasamu lile likianza.

"Kama haina kiwango," alisema Kabula, "basi tuiite x."

"Tuiite," alisema Bwana Kilua.

Kabula alikwenda ubaoni na kuandika kwa haraka, mstari chini ya mstari, safi kama alivyofundishwa. Akahamisha huku, akatoa kule, na mwisho akapiga mistari miwili chini ya jibu. X ilikuwa sawasawa na upungufu wote. Ukiweka x kapuni, mizani inakaa katikati bila kutikisika. Bwana Kilua alipiga makofi, na darasa lilipoona mkaguzi anapiga makofi likapiga pia. Walizoea kupenda jibu linalotoka sawa.

"Kwa hiyo?" aliuliza Bwana Kilua.

"Kwa hiyo unalipa," alisema Kabula. "Naomba kuandikishwa."

*

Siwema alimfuata nje, akamshika bega nyuma ya stoo ya majembe. Alimwambia kwa hasira kwamba x ile haipo, kwamba kuipa kitu jina hakukifanyi kiwepo, na kwamba yeye, kati ya wote, alipaswa kulijua hilo.

"Najua, Mwalimu," alisema Kabula.

Akaeleza taratibu, bila kumtazama usoni. Kwingine hana pa kwenda. Vyuo vya forodha vina watoto wa wenye forodha. Bibi ameshakubali, walishalizungumza hata kabla ya leo. Na wakati Mwalimu anaelezea ile habari ya bangili, yeye alikuwa anapiga hesabu nyingine pembeni. Mwalimu mwenyewe alikuwa ametaja upungufu wa kapu lake, ule anaoujazia mama yake, kwa kilo. Kabula alijipima juzi kwenye mizani ya magunia, bibi anakonunulia mkaa.

"Tunakaribiana sana," alisema. "Nikila vizuri wiki hii, tutakuwa sawa."

Siwema alimtazama mtoto huyu ambaye yeye alimfundisha kila alichokuwa anakijua. Alikuwa amesema ukweli ili amwokoe, na ukweli ndio uliomnasa. Neno moja tu lilitakiwa. Akisema hapana, akikataa kumshika mkono na kumpandisha ngazi, sheria ilikuwa wazi kwamba hakuna mizani wala kapu wala chuo. Kabula angerudi kuuza mkaa kwa kopo, na bibi yake angelala kwake. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilikuwa pale pale mdomoni. Siwema alifikiri habari ya kifundo cha mkono wa mama yake.

"Nenda nyumbani ukafikiri tena," alisema mwishowe.

Alijua vizuri kwamba hilo silo neno.

*

Bendi ilipiga. Sinia likaletwa kwa mwendo wa pole. Mheshimiwa Mponda, aliyezidi kukonda, alimsifu hadharani Mwalimu Siwema, ambaye baada ya wasiwasi wa muda mfupi ameonyesha kwamba hata hesabu za kukatisha tamaa zikifundishwa vizuri zinaweza kuzaa matumaini.

Bibi yake Kabula alipanda ngazi amevaa makoti, moja juu ya jingine, ya kuazima mtaa mzima, kwa maana mwenyewe alikuwa kama kuni kavu na hapakuwa na muda wa kumnenepesha. Kapu lilishuka. Ofisa wa mizani aliyaona makoti, akageuza uso, na mshale ukatulia katikati. Siwema alijua kwa nini ofisa amegeuza uso. Mwakani bibi atapimwa bila makoti, na uzito wote wa makoti utahesabiwa kuwa mali ya taifa iliyopotea.

Alimshika Kabula mkono. Alihisi kiganja chake mwenyewe kinatoa jasho, na hakuweza kukifuta, kwa sababu kilikuwa kimeshikiliwa kwa nguvu. Wakapanda pamoja. Kabula akagusa kapu.

Siku hiyohiyo, jioni, mlango ule mmoja ulifunguliwa kwa adabu, na Bi Hidaya akatoka.

Walipanda basi. Siwema alimweka dirishani na kumfunika kwa kanga zake zote, na bado alihisi kama amekaa na kitenge kilichotundikwa. Chumbani kwake alimpikia, akamlisha kwa kijiko, na mama akala, akitazama mlango ambao haukuwa umefungwa. Alipomaliza alipangusa midomo.

"Nilipishana na bibi mmoja mlangoni," alisema. "Ana makoti mengi. Aliniuliza kama mle ndani kuna baridi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hakuna," alisema Bi Hidaya. "Ni wa nani?"

Siwema aliona ameulizwa swali la pili maishani ambalo angeweza kulikwepa kwa maneno mawili. Alijibu kwamba ni bibi wa mwanafunzi wake. Anaitwa Kabula. Alikuwa wa kwanza katika hisabati.

Bi Hidaya hakulia, wala hakumlaumu. Alivuta mkono wa mwanawe akauweka mapajani, bangili ikateleza na kugonga magoti yao.

"Mwambie asimpelekee uji," alisema mama. "Uji unapita tu, hauachi kitu. Ampelekee mihogo mikavu, ailoweke usiku, na ampe jioni. Halafu amkataze kutembeatembea mle chumbani. Mimi nilitembea sana, ndiko kilo zilikoishia."

Asubuhi Siwema alitoka mapema kwenda kumtafuta Kabula kabla hajaondoka kwenda chuoni. Alimkuta anafunga sanduku. Akamweleza habari ya mihogo, jinsi ya kuiloweka, na saa ya kuipeleka, na Kabula akasikiliza kichwa ameinamisha upande, kisha akairudia yote bila kukosea hata neno.